Akili ya Nyumba Ikae Nyumbani

Siku hizi si ajabu kumkuta mtu ameketi sebuleni, ametoa simu yake mfukoni, anaiamuru taa iliyo juu ya kichwa chake izimike. Taa huzimika, na wageni husifu kwamba hiyo kweli ni nyumba janja. Ni wachache wanaojiuliza amri ile ilipitia wapi. Katika vifaa vingi vinavyouzwa leo, amri haitoki kwenye simu na kwenda moja kwa moja kwenye taa, ingawa kati ya viwili hivyo pana hatua tatu tu. Hutoka nje ya nyumba, ikapita katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari, ikafika kwenye kompyuta ya kampuni fulani katika nchi nyingine, ikasomwa na kuandikwa huko, kisha ikarudi hadi sebuleni.

Mwanafunzi wa fizikia anaweza kuipima safari hiyo. Kutoka Dar es Salaam hadi Frankfurt, mji wa Ujerumani wenye majengo mengi ya kompyuta za aina hiyo, ni takriban kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka. Nuru ndani ya uzi wa kioo husafiri kwa kasi ya takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni kilomita 14,000, yaani sekunde 0.07 kwa uchache, maana nyaya zenyewe hazifuati mstari ulionyooka. Muda huo ni mdogo, na wala si muda unaonisumbua. Kinachonisumbua ni kwamba kiungo kimoja tu cha safari hiyo ndefu kikikatika, mwenye nyumba hawezi tena kuamuru taa yake mwenyewe.

Maoni yangu katika makala haya ni haya: kazi yoyote ya kompyuta inayoweza kufanyika ndani ya nyumba au ndani ya shule na ifanyike humo humo, kwa mashine tunayoimiliki na kwa programu tunayoruhusiwa kuifungua na kuichunguza. Jambo hili wengine huliita kujiendeshea programu. Nasema pia kwamba shule za sekondari ndizo mahali panapofaa zaidi kuanzia, kwa sababu zina walimu wa sayansi, zina vijana wenye hamu ya kujua, na zina matatizo halisi yanayongoja kutatuliwa.

Vifaa vilivyozimwa kutoka mbali

Hofu ya utegemezi haikubuniwa na watu wasiopenda maendeleo. Mwaka 2014 kampuni ya Nest ya Marekani, iliyokuwa mali ya Google, iliinunua kampuni ndogo iitwayo Revolv, iliyokuwa ikiuza kisanduku cha kuunganisha taa, vitasa na vifaa vingine vya nyumbani kwa bei ya takriban dola 300. Tarehe 15 Mei, 2016, kompyuta zilizokihudumia kisanduku hicho zilizimwa. Visanduku havikuwa vimeharibika, na umeme ulikuwapo. Hata hivyo tangu siku hiyo havikufanya kazi yoyote, kwa kuwa akili yake haikuwa ndani yake.

Mwezi wa Aprili mwaka 2022 mambo kama hayo yaliwapata wateja wa kampuni ya Insteon, nayo ya Marekani. Kompyuta za kampuni zilizimika bila taarifa, na simu zao hazikuweza tena kuamuru chochote. Lakini katika wateja hao walikuwamo waliokuwa wameviunganisha vifaa vyao na kompyuta zao wenyewe nyumbani. Hao waliendelea kuwasha na kuzima taa kama jana yake. Vifaa vilikuwa vya aina moja, vimenunuliwa kwa kampuni moja. Tofauti ilikuwa mahali akili ilipokaa.

Tena, kampuni haina haja ya kufilisika ndipo tupate shida. Tarehe 20 Oktoba, 2025, hitilafu ilitokea katika kompyuta za kampuni ya Amazon zilizo katika jimbo la Virginia, Marekani, ambazo kampuni nyingine nyingi hukodi. Kwa saa kadhaa huduma nyingi duniani zilisimama, na hata vitanda vya kisasa vinavyopashwa joto na kupozwa kwa amri ya kompyuta vilikataa kuwatii watu waliovilalia. Nasi wa Afrika Mashariki tuna kumbukumbu yetu wenyewe. Tarehe 12 Mei, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Intaneti ilisuasua kwa siku kadhaa. Shule iliyokuwa imeweka masomo, orodha na alama zake zote ng'ambo ya nyaya hizo ilibaki na kompyuta nzima zisizo na cha kuonyesha.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Katika habari hizi, aliyetegemewa hata ndugu hakuwa.

Vifaa tunavyohitaji

Mtu akisikia habari ya kuwa na kompyuta yake ya kuhudumia nyumba, yaani seva, huwaza chumba chenye baridi na mashine zinazonguruma. Haihitaji kuwa hivyo. Tangu tarehe 29 Februari, 2012, inauzwa kompyuta ndogo ya Kiingereza iitwayo Raspberry Pi, inayotosha katika kiganja cha mkono. Matoleo yake ya karibuni yana nguvu ya kutosha kuihudumia nyumba, au darasa, bila taabu. Asiyeweza kuipata na atafute kompyuta ya mezani iliyotumika, ambayo ofisi imeiacha kwa kuwa imepitwa na wakati. Kompyuta iliyochoka kwa kazi za ofisini bado ina miaka mingi ya kuwasha pampu na kutoa vitabu.

Tuhesabu umeme, maana ndiyo gharama isiyokoma. Kompyuta ndogo inayotumia wati 5 ikiwashwa usiku na mchana kwa siku 30 itatumia 5 × 24 × 30, yaani watisaa 3,600, ambazo ni uniti 3.6 za LUKU. Kompyuta kuukuu ya mezani inayotumia wati 60 itatumia uniti 43.2 kwa muda huo huo. Kwa hiyo kompyuta ya bure yaweza kuwa ghali kuliko ya kununua, na ni vema mwalimu awaachie wanafunzi wafanye hesabu hiyo kabla shule haijaamua.

Umeme ukikatika je? Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampeasaa 100 ina watisaa 1,200. Betri ya asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake ikiwa twataka idumu, hivyo tuna watisaa 600. Kompyuta ndogo pamoja na ruta, kwa jumla wati 15, zitaishi kwa betri hiyo saa 40 kwa hesabu ya karatasini, na zaidi ya saa 30 tukitoa upotevu. Ni siku nzima na usiku wake. Bamba la umeme wa jua likiongezwa, mtambo wetu hauna haja ya kuogopa giza.

Juu ya mashine huwekwa programu. Kwa mambo ya nyumba, programu inayojulikana sana ni Home Assistant, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Paulus Schoutsen, na ambayo tangu mwaka 2024 inasimamiwa na wakfu usiotafuta faida. Ni programu huria: yeyote aweza kuipata bila malipo, kuisoma ilivyoandikwa, na kuirekebisha. Vifaa vidogo huzungumza na kompyuta kwa lugha maalumu, na mojawapo ni MQTT. Lugha hiyo ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper ili kufuatilia mabomba ya mafuta kwa njia ya setilaiti, mahali ambapo mawasiliano yalikuwa ghali na hafifu. Ndiyo maana inatufaa: ilizaliwa katika hali ya uchache, nayo haili sana.

Mfano wa tangi la maji

Watu wengi hudhani nyumba janja ni anasa ya kubadilisha rangi za taa. Kwa mazingira yetu ningependekeza tuanze na tangi la maji. Katika shule ya bweni, maji yakiisha usiku, asubuhi hakuna uji wala usafi. Na maji yakifurika, umeme na maji vyote vimemwagika ardhini. Mara nyingi mlinzi hupanda ngazi kuchungulia, au hugonga tangi kwa mkono asikie mlio.

Kihisi cha mwangwi chaweza kuifanya kazi hiyo. Hufungwa chini ya mfuniko wa tangi, kikatoa sauti isiyosikika na sikio la binadamu, yenye mitetemo 40,000 kwa sekunde. Sauti hugonga uso wa maji na kurudi. Katika joto la nyuzi 25 sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 346 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 0.006, sauti imekwenda na kurudi mita 2.08, na kwa hiyo maji yako mita 1.04 chini ya kihisi. Kama kutoka kwenye kihisi hadi sakafu ya tangi ni mita 1.50, kina cha maji ni sentimita 46. Joto likipanda hadi nyuzi 35, kasi ya sauti hufikia takriban mita 352, na kipimo chetu hukosea kwa sentimita mbili hivi tusiporekebisha. Hapo mwalimu wa fizikia ana somo la wiki nzima, na jibu lake wanafunzi wataliona bombani.

Kihisi huunganishwa na kibao kidogo chenye redio ya Wi-Fi, kama vile ESP32, kilichotolewa mwaka 2016 na kampuni ya Espressif ya Shanghai. Bei ya kibao hicho haizidi sana bei ya kitabu cha kiada. Kibao hupeleka kipimo kwa kompyuta, na kompyuta huamua. Kina kikishuka chini ya sentimita 40, washa pampu. Kikifika sentimita 120, zima. Kisha iongezwe kanuni ya tatu, ambayo ndiyo yenye thamani kuliko zote: pampu ikiwa imewaka kwa dakika kumi na maji hayajapanda hata kidogo, izimwe, na ujumbe upelekwe kwa mhusika. Huenda kisima kimekauka au bomba limepasuka, na pampu inayozunguka pasipo maji huungua.

Nasisitiza mambo mawili hapa. Kwanza, umeme wa volti 230 huua. Wanafunzi wafanye kazi upande wa betri na volti ndogo. Upande wa pampu ufungwe na fundi umeme mwenye sifa. Pili, swichi ya mkono isiondolewe kamwe, na boya la kuzuia maji kufurika libaki mahali pake. Kompyuta ikifa, mlinzi aweze kuwasha pampu kwa kidole kama zamani. Nyumba ambayo haikaliki pasipo kompyuta imejengwa vibaya, hata kama kompyuta yenyewe iko chini ya paa lile lile.

Maktaba ndani ya ukuta wa shule

Mashine ile ile, ikiongezewa diski, yaweza kuwa maktaba. Kuna programu huria iitwayo Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, ambayo hutunza tovuti nzima katika faili moja. Ensaiklopidia ya Wikipedia ya Kiingereza pamoja na picha zake hutosha katika takriban gigabaiti 100. Ile ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, ni ndogo kuliko hiyo kwa mbali. Faili hizo hupakuliwa mara moja mahali penye intaneti nzuri, zikaletwa shuleni kwa diski. Baada ya hapo mwanafunzi mwenye kompyuta au kishikwambi ndani ya eneo la shule husoma bila kulipia kifurushi. Programu ya Moodle, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002, humwezesha mwalimu kuweka masomo, mazoezi na majaribio kwenye mashine hiyo hiyo.

Hapa tunagusa jambo zito kuliko urahisi. Alama za mwanafunzi, habari za afya yake, jina la mlezi wake, na picha za kamera zilizofungwa kwenye lango ni taarifa za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2019. Shule inapozimwaga taarifa hizo katika huduma ya bure ya ng'ambo, bila kusoma masharti, imetoa kitu kisicho chake. Kuzitunza nyumbani ni afadhali, lakini anayezitunza amejitwika dhamana. Hawezi tena kumlaumu mwingine.

Dhamana ya mwenye mashine

Kwa sababu hiyo sitaki msomaji adhani kwamba kununua kisanduku ndiyo mwisho wa kazi. Wanaojiendeshea programu hushindwa kwa sababu chache zinazojulikana, na ni wajibu wetu kuzitaja.

Ya kwanza ni mlango ulioachwa wazi. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilivamia kamera na ruta nyingi duniani. Haikutumia ujanja mkubwa. Ilijaribu tu orodha ya majina na maneno ya siri zaidi ya 60 ambayo viwanda huweka na wanunuzi hawabadilishi. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilivyotekwa vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti nyingi maarufu hazikufikika kwa saa kadhaa. Basi, neno la siri la kiwandani libadilishwe siku ile ile kifaa kinapotoka kwenye boksi. Seva yako isiwekwe wazi kwa intaneti. Ukihitaji kuifikia ukiwa safarini, tumia njia ya siri kama WireGuard, ambayo tangu Machi 2020 imo ndani ya kiini cha Linux chenyewe. Na kama hujui kuitengeneza, kaa bila kuifikia ukiwa mbali mpaka utakapojifunza. Nyumba haitakulaumu.

Ya pili ni kukosa nakala za akiba. Akiba haiozi, walisema wazee, lakini akiba ya kompyuta huoza kama haikaguliwi. Tarehe 31 Januari, 2017, fundi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya data zilizokuwa zikitumika. Walipotafuta nakala, waligundua kwamba njia zao kadhaa za kuweka akiba hazikuwa zikifanya kazi, na data za takriban saa sita zikapotea moja kwa moja. Tarehe 10 Machi, 2021, jengo la kompyuta la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea kwa moto, na wateja ambao nakala zao zilikuwa humo humo hawakuwa na pa kuanzia. Kanuni ya mafundi ni nyepesi kukumbuka: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali na jengo. Kwa shule, nakala ya mbali yaweza kuwa diski iliyofungwa kwa neno la siri, inayokaa katika sefu ya ofisi nyingine na kubadilishwa kila mwisho wa wiki. Na kila muhula irudishwe nakala moja kwenye mashine tupu, ijulikane kama kweli inafunguka. Nakala ambayo haijajaribiwa ni matumaini tu.

Ya tatu ni vyombo dhaifu. Kadi ndogo ya kumbukumbu, kama ile ya simu, huchakaa inapoandikwa mfululizo usiku na mchana. Afadhali mfumo ukae kwenye diski ya SSD. Kadhalika programu zihuishwe kwa utaratibu: kwanza chukua nakala, kisha soma maelezo ya toleo jipya, ndipo uweke, na usifanye hivyo katika wiki ya mitihani.

Ya nne, nayo ndiyo iliyoua mitambo mingi, ni kwamba ujuzi wote hukaa katika kichwa cha mtu mmoja. Mwalimu hodari huanzisha mtambo, wote wakaufurahia, kisha akahamishiwa mkoa mwingine. Baada ya miezi michache mashine iko pembeni mwa ofisi, imefunikwa kitambaa, na hakuna ajuaye neno la siri. Mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hiyo pawe na daftari la karatasi, lenye mchoro wa mtambo, orodha ya vifaa, tarehe za kila badiliko na jina la aliyelifanya. Maneno ya siri yawekwe katika bahasha iliyofungwa, kwa mkuu wa shule. Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha tatu wafundishwe na wale wa kidato cha nne kabla hawajaondoka. Mtambo usioweza kuendeshwa na watu watatu tofauti bado haujawa mali ya shule.

Neno kwa wasiokubaliana nami

Wapo watakaosema kwamba makampuni makubwa yana wahandisi, walinzi na majenereta, na kwamba shule ya kata haiwezi kushindana nayo. Wanasema kweli. Kuna kazi ambazo mimi mwenyewe ningeziacha huko. Barua pepe ni mojawapo: seva ndogo ya nyumbani hupata taabu kuaminiwa na seva nyingine, na barua zake huishia kwenye kapu la takataka. Vilevile mambo ya fedha, na kila kitu ambacho watu wa mbali lazima wakifikie usiku na mchana. Nakala ya akiba iliyofungwa vizuri kwa neno la siri yaweza pia kukaa ng'ambo bila hatari kubwa.

Wengine watasema kwamba muda wa mwalimu ni mchache, na hoja hii ni nzito kuliko ile ya kwanza. Kwa hiyo nashauri tuanze na jambo moja tu kwa mwaka mzima. Shule yenye shida ya maji ianze na tangi. Yenye uhaba wa vitabu ianze na maktaba. Mtambo mmoja uliokaa mwaka mzima bila kusimama hufundisha zaidi ya mitambo kumi iliyowashwa siku ya mahafali.

Lakini kuna hoja moja ambayo siwezi kuikubali, nayo ni ile isemayo kwamba mambo haya ni ya kununua tu na wala hayahitaji kueleweka. Taifa ambalo vijana wake wamefundishwa kubonyeza tu litalipa kodi ya kubonyeza milele, na siku kodi itakapopanda au duka litakapofungwa, halitakuwa na mtu wa kufungua kifuniko. Mwanafunzi aliyepima maji ya shule yake kwa mwangwi, akaandika mwenyewe kanuni ya kuzima pampu, akaona kosa lake na kulirekebisha, hawezi tena kuiona mashine kama uchawi. Hilo ndilo pato kubwa, kuliko hata maji.

Nimalizie kwa jaribio ambalo kila msomaji aweza kulifanya jioni ya leo, iwe nyumbani au shuleni. Chomoa waya unaoingiza intaneti kwenye ruta, lakini ruta iache ikiwaka. Kisha pita chumba kwa chumba na kifaa kwa kifaa, ukaandike katika daftari kipi bado kinakutii na kipi kimegoma. Kabla ya kununua kifaa kingine chochote, muulize muuzaji kitafanya nini katika hali hiyo. Vile vilivyogoma, jiulize kama kazi yake kweli ilihitaji kuvuka bahari. Kama haikuhitaji, umepata mahali pa kuanzia.